Mzaha wa Kibaniko na Treni

Wapo huko Uingereza, Ujerumani na Marekani watu wazima, wenye kazi zao na heshima zao, ambao jioni hurudi majumbani mwao wakashughulika na treni ndogo za mfano zinazozunguka juu ya meza. Shughuli hiyo si ya jana. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilianza mwaka 1891 kutoa treni za kuchezea zilizofuata vipimo maalumu vya upana wa njia, na Frank Hornby wa Uingereza akaanza kuuza zake mwaka 1920. Kilichokuwa mchezo wa watoto kikageuka elimu ya wakubwa, yenye istilahi zake, madhehebu yake na magomvi yake.

Miongoni mwa watu hao umezuka mzaha ambao wapenzi wa fasihi wangefanya vyema kuutazama. Hukitwaa kibaniko cha mkate, kile kijisanduku cha umeme ambacho wengi hukiita tosta, wakakizungumza kana kwamba nacho ni treni ya mfano. Huuliza upana wa njia zake mbili. Hubishana kama rangi yake ni ile iliyotoka nayo kiwandani au imepakwa upya na mtu asiyejua kazi. Husifu jinsi kinavyoondoka kituoni kwa utulivu, hulaumu jinsi kinavyowasili kwa kishindo, na slesi mbili za mkate huhesabiwa kuwa abiria au shehena kwa kadiri ya madhehebu ya msemaji. Yote hayo husemwa kwa uso mkavu.

Mtu akiusikia mzaha huu kwa mara ya kwanza atauona kuwa ni upuuzi wa watu walioshiba. Hukumu hiyo ni ya haraka. Mzaha wa kulinganisha kitu duni na kitu kikuu ni wa zamani katika lugha nyingi, na aghalabu hufanya kazi ya namna moja: hukishusha kile kikuu au hukidhihaki kile duni. Huu haufanyi lolote kati ya hayo. Treni hubaki na ukubwa wake, na kibaniko hubaki juu ya meza ya jikoni. Kinachochekwa ni ulimi wa mpenzi mwenyewe, ulimi uliozoea kunena kwa namna moja hata hauwezi tena kukitazama kisanduku chochote cha chuma bila kuuliza upana wa njia yake.

Mathalani, Waingereza wengi hupunguza treni zao mara 76, na watu wa Ulaya bara na Marekani hupunguza zao mara 87. Lakini aina zote mbili hutembea juu ya njia ya upana mmoja, yaani milimita 16.5. Maana yake ni kwamba treni ya Mwingereza ni nene kidogo kuliko barabara yake. Tofauti ni milimita mbili na ushei, na wako watu waliojitenga na wenzao, wakajenga njia zao upya, kwa ajili ya milimita hizo mbili na ushei. Mtu wa jinsi hiyo anapoinama na rula kupima tundu la kibaniko, anaungama. Anasema kwa mzaha jambo ambalo mkewe amekuwa akimwambia kwa hasira. Hapo ndipo ulipo uzuri wa mzaha huu, na ndiyo sababu hauvumilii msemaji anayekonyeza jicho. Akicheka yeye kwanza, ungamo limevunjika, na kilichobaki ni mtu anayesema uongo juu ya chombo cha jikoni.

Isitoshe, mzaha huo una mlango wa pili. Shirika la Amtrak la Marekani lilipoanza mwaka 1980 kutumia vichwa vya umeme vya aina ya AEM-7, vifupi na vyenye umbo la sanduku, wapenzi wa reli wa huko walivipa jina la utani: tosta. Basi ikiwa treni yenyewe imekwisha kuitwa kibaniko, nani atamzuia mtu kukiita kibaniko treni? Njia hiyo hupitika kwa pande zote mbili.

Kiswahili nacho kinaijua njia hiyo. Shirika la Reli Tanzania lilipoanza mwaka 2024 kusafirisha abiria kwa treni ya umeme yenye pua iliyochongoka, watu hawakuingoja kamati ya istilahi. Waliiita Mchongoko, na jina likakaa. (Ni neno lenye asili moja na mchongoano wa vijana wa Kenya, yaani ule ushindani wa kuchongeana maneno makali. Huenda ni sadfa tu, lakini ni sadfa yenye ucheshi.)

Lakini jambo la maana zaidi lilitokea kabla ya hapo. Kiswahili kilipokutana na gari la moshi hakikuagiza maneno yote kutoka ng'ambo. Reli, stesheni na treni yalikuja na mzigo, ni kweli. Bali chumba cha kupakia watu na mali kiliitwa behewa, na behewa lilikuwa tayari neno la nyumbani: ua wa ndani wa nyumba kubwa, au banda la kuhifadhia vitu. Magogo yanayolala chini ya reli yaliitwa mataruma, na taruma lilikuwa neno la mafundi wa vyombo vya baharini, ubao wa kukitia chombo nguvu kisiachane mbavu. Ile mashine ya mbele inayovuta iliitwa kichwa, kana kwamba gari zima ni kiumbe kinachotambaa. Kwa hiyo treni ya Kiswahili, ikitazamwa kwa maneno yake, ni nyumba iliyotiwa mbavu za jahazi na kupewa kichwa cha mnyama.

Hapo mzaha wa kibaniko hubadilika tabia. Mwingereza anapokiita kibaniko treni, anaazima maneno ya kiwandani akayapeleka jikoni. Mswahili afanyapo hivyo, anayarudisha nyumbani maneno yaliyotoka nyumbani. Tundu la kibaniko likiitwa behewa, neno halikupotea njia. Limerejea kwao baada ya safari ndefu. Atakayeufasiri mzaha wa Wazungu neno kwa neno, akaja na orodha ya vipimo na majina ya viwanda, atavuna maneno makavu yasiyochekesha mtu. Atakayeujenga upya kwa behewa, taruma na kichwa ana akiba ambayo Mwingereza hana.

Wapi pa kuujenga? Korogwe na Handeni panafaa kuliko pengi. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, ikaendelea Mombo mwaka 1905, na hatimaye Moshi. Upana wa njia yake ni milimita 1,000. Kando yake yakaenea mashamba ya mkonge, na katika mashamba hayo zikatandikwa njia nyembamba za matroli ya kupelekea majani ya mkonge kwenye mashine. Mtoto wa Korogwe wa zama hizo hakuhitaji duka la Hornby ili ajue treni kubwa na treni ndogo: aliziona zote mbili kabla ya chakula cha mchana, na nyingine akaiunda mwenyewe kwa makopo na waya. Handeni, kinyume chake, ni mji usio na stesheni. Hata ile reli iliyofunguliwa mwaka 1963 kutoka Mnyusi kwenda Ruvu, ya kuiunganisha Tanga na Reli ya Kati, iliupita mji huo kwa mbali upande wa mashariki.

Miji miwili jirani, mmoja wenye treni na mwingine usio nayo: hayo ni malisho ya utani. Na utani katika nchi hiyo si mzaha wa ovyo ovyo. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyeishi Amani katika milima ya Usambara, aliona umuhimu wake hata akauandikia makala katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1941. Mtani huruhusiwa kusema yasiyosemeka, hata msibani mbele ya wafiwa, na asemwaye hapaswi kukasirika. Lakini ruhusa hiyo ina sharti lisiloandikwa popote: anayetaniwa naye ana haki ya kujibu, na jibu lake hupokewa kwa uvumilivu ule ule.

Na uchukuliwe mfano wa kubuni. Mtu wa Korogwe amemtembelea mtani wake Handeni, akaandaliwa chai na mkate wa kubanikwa, na mkate ukachelewa, kisha ukaungua. Anasema: "Mtani, treni yenu hii imechelewa, na abiria wameteketea behewani." Huo ni mzaha mzuri, umeshika maneno yake vizuri, na umemgusa mwenyeji palipo na kidonda, kwa kuwa treni ya pekee aliyo nayo Handeni ni hiyo ya mezani. Mwenyeji anajibu: "Vumilia, mtani. Yangu imechelewa dakika tatu. Ya kwenu mliingojea zaidi ya miaka ishirini." Jibu hilo ni bora kuliko swali. Safari za abiria katika reli ya Tanga zilikoma katika miaka ya 1990, na watu wa Korogwe wakaikalia stesheni yao bila treni ya abiria hadi Desemba 2019, ilipoanza tena safari ya Dar es Salaam na Moshi. Mwenyeji hakutoka nje ya istiari ya mgeni wake. Aliichukua ilivyo, akaipima kwa saa ya ukutani, akamrudishia. Mzaha wa wapenzi wa treni za mfano haujui kujibiwa namna hii, kwa sababu kibaniko hakina kinywa na mpenzi anajitania mwenyewe. Utani umeuongezea mtu wa pili.

Iko hata hivyo treni moja katika historia ya Handeni ambayo mzaha huu ukiigusa hukwama. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walitandika njia nyembamba ya matroli kutoka Mombo, penye reli ya Tanga, kuelekea Handeni, ili mali ya vita ipate kwenda kusini. Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Smuts yaliifuata njia hiyo hiyo yakaiteka Handeni. Kwa jicho la mpenzi wa treni za mfano, njia ile ina kila kitu cha kumfurahisha: nyembamba, fupi, ya kuungaunga. Ilikuwa na reli, ilikuwa na mataruma, ilikuwa na vigari vilivyobeba shehena. Kilichokosekana ni kichwa. Matroli yalisukumwa kwa mikono ya watu. Kichwa cha treni ile kilikuwa vichwa vya wasukumaji, vimeinama, na nyuma yao vikafuata vichwa vya wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi ya pande zote mbili, ambao makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu kabla vita havijaisha mwaka 1918.

Kwa umbo, kuiita njia ile treni hakuna tofauti na kukiita kibaniko treni: jina la kitu kikuu limewekwa juu ya kitu kisichofikia, na msemaji hakucheka. Mhakiki anayeangalia umbo peke yake atayapa maneno yote mawili alama sawa. Hilo ni kosa. Katika mzaha wa kibaniko neno "treni" limezidi, na kule kuzidi ndiko kunakochekesha. Katika njia ya Mombo na Handeni neno hilo limeficha; limemfunika msukumaji akageuka sehemu ya mashine, na hakuna aliyemwachia nafasi ya kujibu kama mtani. Sharti la utani limekosekana, na umbo zuri haliwezi kulifidia. Mtu wa Handeni akisema leo kwamba mji wake uliwahi kuwa na reli, husemi kama anajivuna au anaomboleza mpaka umsikilize sauti yake. Neno lenyewe halitoi msaada.

Mwandishi atakayeuleta mzaha huu katika Kiswahili, awe ni wa tamthilia au wa ngonjera, hana haja ya kuiogopa historia hiyo wala kuitaja kila mara. Inamtosha kuuliza, kila anapoliazima neno la treni, nani anasukuma. Kwa kibaniko jibu ni jepesi. Umeme wa kukitia moto uko karibu mno na Korogwe: kituo cha Hale katika mto Pangani, kilichoanza kazi mwaka 1964, kilijengwa kutoa megawati 21. Kibaniko cha kawaida hula karibu kilowati moja. Kwa hesabu hiyo Hale ingeweza kubanika mikate katika vibaniko elfu ishirini na moja kwa wakati mmoja, au, kwa kuwa kila kichwa cha AEM-7 kilikuwa na nguvu za takriban megawati 5, kuendesha tosta nne za Wamarekani. Treni inayopita Mnyusi, mwendo mfupi kutoka Hale, huvutwa mpaka leo na injini ya dizeli. Mtani wa Handeni, akiipata hesabu hiyo, hataikalia kimya.