Kibati Chenye Meno

Fundi anapopaua, mimi husikiliza misumari. Msumari wa inchi nne ukizama vizuri una mlio wake. Mbao ikipasuka, mlio hubadilika na fundi husonya. Mara nyingi hupasuka kwenye ncha, na bahati mbaya ncha ndiko mbao za kenchi zinakokutana.

Dawa ya ncha hiyo ilipatikana Florida, Marekani. Mwaka 1952 Carroll Sanford alibuni kibati cha chuma chenye meno, ingawa bado kilihitaji kuongezewa misumari. Mwaka 1955 John Calvin Jureit akaleta Gang-Nail, ambacho meno yake yalitosha yenyewe. Ni bati lililopakwa zinki, nene yapata milimita 1, lililotobolewa hivi kwamba kila tundu huacha meno yamesimama. Meno ni mafupi, mara nyingi hayafiki hata sentimita 1, lakini ni mengi, na mzigo uliokuwa ukimlemea msumari mmoja hugawanywa kidogo kidogo.

Wapo wanaosema kuunga kenchi kwa vibati ni kazi ya mashine, haina ufundi. Nawabishia. Mwangalie anayekata mbao: mshazari wake lazima ulale juu ya mwenzake pasipite mwanga, kabla kibati hakijaguswa. Kibati hufunga, hakizibi. Ukiacha upenyo, uzito wa paa utazisukuma mbao hadi zikutane zenyewe, na meno yatapinda njiani. Kisha ni kuchagua mahali, maana fundo la mbao hulikatalia jino. Na kuvilinganisha vibati viwili, kimoja kila upande. Mbao mbichi haifai: ikikauka husinyaa, na meno huanza kutoka taratibu.

Nyundo nayo huwekwa kando, jambo gumu kwa seremala. Ukigonga kona hii, ile huinuka, na jino lililopinda halinyooki tena ndani ya mbao. Mashine hugandamiza kibati chote kwa pamoja, mpaka kilale kabisa juu ya mbao. Anayejua kazi hupitisha kidole ukingoni kote kabla ya kuivuta kenchi inayofuata.

Baadaye dari hufunika kila kitu. Mwenye nyumba atasifiwa kwa rangi na vigae. Labda siku moja fundi umeme atapanda huko juu na tochi, kibati kimmetametee usoni, naye akipite akitafuta waya wake.