Mhadhara bila Hadhara: Nafasi ya Kiswahili katika Shughuli za Kampasi

Maneno "mhadhara", "hadhara" na "kuhudhuria" yana asili moja katika Kiarabu, nayo ni maana ya kuwapo mahali. Mhadhara wa hadhara, basi, si usomaji wa msomi peke yake. Ni mkutano wa msemaji na watu waliokuja kumsikiliza na kumjibu. Kwa kipimo hicho, nyingi za shughuli ziitwazo za hadhara katika kampasi za kusini-mashariki ya Kongo zina upungufu, hata pale ukumbi unapojaa.

Utaratibu wake unajulikana. Aghalabu tangazo hubandikwa kwa Kifaransa, mhadhara husomwa kwa Kifaransa, na maswali huulizwa kwa Kifaransa. Kiswahili huingia mwishoni, pamoja na ngoma, wimbo au mchezo mfupi wa kuigiza. Hivyo hadhira hufundishwa, bila mtu kutamka, kwamba Kifaransa ni lugha ya kufikiri na Kiswahili ni lugha ya kuburudika. Kosa haliko katika ngoma, bali katika kudhani kwamba sanaa haina hoja.

Historia ya Lubumbashi inakanusha dhana hiyo. Mwaka 1965 André Yav alikusanya na kuandika, kwa Kiswahili cha mji huo, historia ya Elisabethville jinsi watumishi wa nyumbani wa Wazungu walivyoikumbuka. Mwaka 1986 kikundi cha maigizo cha Mufwankolo kilichukua msemo wa Kifaransa usemao kwamba madaraka huliwa yakiwa mazima, kikautungia mchezo kwa Kiswahili. Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970, alifuatilia kazi hiyo tangu mazungumzo ya kwanza, kupitia mazoezi, hadi onyesho lililorekodiwa kwa televisheni. Mwaka 1990 alichapisha kitabu juu ya mchezo huo na kingine juu ya maandishi ya Yav, kila kimoja kikiwa na matini ya Kiswahili.

Asomaye mazungumzo ya waigizaji hao huwakuta wakipima maana ya maneno, wakijadili uwezo wa chifu na watu wake, wakirekebisha hoja pamoja na tendo. Hiyo ni warsha kwa maana kamili ya neno. Hata hivyo, mchezo huo na maandishi ya Yav vina jina la Kifaransa juu ya mwili wa Kiswahili, kana kwamba fikra haikuruhusiwa kutoka nje bila kofia ya kuazima.

Hoja mbili hutolewa kutetea desturi iliyopo. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili kinakosa istilahi. Lakini istilahi hukomaa kwa kutumiwa. Isiyotamkwa ukumbini hubaki katika orodha. Ya pili ni nzito zaidi: Kiswahili kipi? Kiswahili sanifu husikika kigeni masikioni mwa wengi wa Katuba au Kamalondo, na Kiswahili cha mjini huonekana hakistahili kimbweta cha profesa. Jibu si kuchagua kimoja na kukifukuza kingine. Mhadhiri anaweza kusoma kwa Kiswahili sanifu, na muulizaji akauliza kama asemavyo nyumbani kwake, mradi wasikilizane. Kazi ya mwanaisimu ni kujenga daraja hilo, si kukaa mlangoni akisahihisha upatanisho wa ngeli.

Katiba ya mwaka 2006 inataja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na kuipa Serikali wajibu wa kuziendeleza bila ubaguzi. Chuo kikuu hakihitaji kungoja amri nyingine. Muhtasari wa Kiswahili ukigawiwa kabla ya mhadhara, maswali ya Kiswahili yakipokewa na kujibiwa kwa Kiswahili, na mchezo wa kuigiza ukitangulia mjadala badala ya kuufunga, gharama yake ni ndogo. Wanaopoteza kwa kukosa hayo si wazazi na wafanyakazi wa mitaani pekee. Mwanafunzi anayehitimu bila kuweza kumweleza mama yake alichosomea amepata shahada, lakini hajapata hadhira.