Hongera, Shamba Darasa

Huku Chunyu, na Nachingwea na Ruangwa kwa jumla, sijaona ukumbi wa mikutano unaoshinda shamba darasa. Mama anang'oa shina la karanga, analikung'uta udongo, anahesabu maganda, anapasua moja kwa kidole gumba, anatafuna. Kisha anamgeukia mtaalamu: "Mvua ikikatika wiki tatu, hii itasimama?" Swali hilo lina uzito kuliko makofi ya wasomi mia.

Gharama ya kutoliuliza tunaijua. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wao mkubwa wa karanga, Nachingwea ikiwemo. Matrekta yalitangulia, majaribio ya kutosha hayakufanyika, na mwaka 1951 mradi ukavunjwa. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, walifuata njia nyingine: wakulima wazione mbegu zikiwa shambani, wazipime, wachague. Kati ya aina za karanga walizotoa, moja inaitwa Nachingwea 2009. Jina hilo hunipa faraja kila nikilisikia.

Nao maofisa ugani wanaoketi chini ya mkorosho, daftari magotini, wakiandika hata maneno ya mkulima aliyeikataa mbegu, nawapa mkono.