Dadu Isiyopendelea

Karakana za mifupa za Kibera zimezoea kuagizwa shanga, bangili na vijiko vya saladi. Fundi mmoja wa upande wa Makina aliletewa oda tofauti na mteja wa ng'ambo: dadu, tena si ile moja ya ludo. Mteja alitaka seti ya saba: ya pande nne, ya sita, ya nane, mbili za pande kumi, ya kumi na mbili na ya ishirini. Ni za michezo ya mezani ambamo watu hujifanya mashujaa na wachawi, michezo iliyoshika kasi tangu Dungeons & Dragons ichapishwe Marekani mwaka 1974. Shujaa akitaka kuruka ukuta, dadu ndiyo inayosema kama atafika ng'ambo au atavunjika mguu.

Kwa macho, seti ile haikuwa na mshindani. Mifupa hununuliwa kwa wauza nyama au hutoka machinjio ya Dagoretti, ikachemshwa hadi mafuta na uboho viishe, kisha husafishwa kwa dawa mpaka iwe nyeupe. Kisha huja kazi ninayoweza kuitazama hadi jua lizame. Fundi huyeyusha nta ya mshumaa kwenye kopo, anachovya kijiti, na kuchora mistari midogo upande mmoja baada ya mwingine, akipuliza kila mara kabla ya kugeuza. Dadu huzamishwa kwenye rangi nyeusi. Nta ikitolewa kwa maji ya moto, pale ilipokuwa imelala panabaki weupe, na ukingo wa kila mstari una vinyufa ambavyo mkono wa binadamu haungeweza kuvipanga. Ukiisogeza dadu karibu na jicho utaona pia vitundu vidogo mno vya mfupa wenyewe. Hivyo ndivyo vinavyoutofautisha na pembe ya ndovu, ambayo huonyesha mistari inayokatana. Si jambo dogo hilo katika nchi iliyopiga marufuku biashara ya nyara za wanyamapori mwaka 1978, ikateketeza tani 12 za pembe mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016. Bidhaa nyeupe yoyote iliyochongwa Kenya husafiri ikiwa imebeba tuhuma.

Kasoro moja ya urembo niliiona: kwenye dadu ya pande ishirini maua yaliyochorwa kwa nta yalikuwa yameanza kumeza namba. Mchezaji anayelazimika kuuliza kama hiyo ni kumi na sita au kumi na tisa atakuwa ameuziwa pambo.

Lakini heshima ya dadu iko mahali pasipoonekana. Shanga ikiwa nzito upande mmoja haimdhulumu mtu. Dadu ikiwa hivyo inasema uongo kila inaporushwa. Ukuta wa mfupa wa ng'ombe hauna unene wa kutosha kwa dadu kubwa, kwa hiyo fundi huunganisha vipande kwa gundi, na gundi ikizidi mahali pamoja, uzito unahama. Hata nukta za dadu ya pande sita zina hila yake. Upande wa sita umetobolewa mara sita, ule unaotazamana nao mara moja tu, basi upande wa moja unabaki mzito na kupenda kulala chini. Fundi wetu hujibu kwa kuichimba ile nukta moja kubwa na ya kina. Wengi hudhani ni urembo.

Wenye dadu za plastiki huzipima kwa kuziacha zielee kwenye maji ya chumvi. Mfupa unazama, hata utie chumvi kiasi gani. Kwa hiyo fundi wetu huishika dadu kwa pembe mbili zinazokabiliana, kati ya kidole gumba na cha shahada, kwa wepesi kiasi kwamba inaweza kujizungusha yenyewe. Iliyo sawa hutulia popote ilipoachwa. Yenye kasoro hugeuka polepole mpaka upande mzito uwe chini.

"Fundi, hii imekubali?" mwanagenzi wake aliuliza, akimpa ile ya pande sita.

Aliishika, akangoja. "Bado. Inapenda sita." Akairudisha kwenye msasa.

Sijui ni wangapi kati yetu tunaoudai uangalifu wa namna hiyo. Kule Kawangware utakuta bado vijana wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda, mabishano yakisikika hadi barabarani, ila ludo imehamia kwenye simu. Unagusa kioo, namba inatokea, na ukihisi umedhulumiwa huna cha kuinua kwenye mwanga ukakikagua. Kamari nayo iko humohumo, imekaa mfukoni usiku na mchana, na kijana huiamini bila swali mashine ambayo hajawahi kuigeuza mkononi.

Mteja alizipokea zile dadu akazisifu. Alisifu michoro, alisifu Kibera, akaomba picha ya paa za mabati za kuweka pamoja na bidhaa. Kuhusu zinavyoanguka mezani hakuandika neno. Wanunuzi wetu wengi ndivyo walivyo, wa ng'ambo na wa hapa Nairobi: wanalipia umaskini wa mahali kitu kilipotengenezwa, na akili iliyomo ndani wanaipata bure. Saa alizotumia fundi kushika dadu kwa pembe hazikuwa na mstari wake kwenye risiti.

Oda iliyofuata ilikuwa kubwa zaidi. Ilitaka dadu za pande sita peke yake, kila moja itobolewe kutoka pembe hadi pembe na kupitishwa waya, ziwe hereni. Bei kwa kipande ni ileile na kazi ni nusu, kwa kuwa hakuna atakayezirusha. Mwanagenzi amezijua vizuri, anatoa trei nzima kabla ya chakula cha mchana, na nukta zake zote zina kina kimoja.