Mfufua Wafu au Mfuga Wafu? Uhakiki wa Mhusika Mwovu katika Mchezo wa Masimulizi, kwa Kuzingatia Mji wa Kale wa Mombasa

Mchezo wa masimulizi wa mezani ni utanzu mchanga. Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ulichapishwa nchini Marekani mwaka 1974, na tangu hapo umezaa michezo mingi ya namna yake. Watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja wao, msimulizi, huwaeleza wenziwe mahali walipo na mambo yanayowakabili. Kila mmoja wa wenziwe hujitwika mhusika na kusema na kutenda kwa niaba yake. Na pasipojulikana kama tendo litafaulu, dadu hurushwa. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatashindwa kuitambua hali hii. Fanani yupo, hadhira ipo, ila hadhira hii haikai kuitikia tu, bali humnyang'anya fanani nusu ya hadithi. Mtambaji wa ngano za pwani huweza kukatizwa, lakini ufunguo wa mwisho hubaki mkononi mwake. Katika mchezo huu mwisho haujulikani hata na msimulizi mwenyewe.

Kwa sababu hiyo uzito wa utunzi humwangukia mwovu. Mashujaa ni mali ya wachezaji, na hawatabiriki. Anachoweza msimulizi kukitunga kabla ya usiku wa mchezo ni mahali, na mtu aliyepaharibu mahali hapo. Miongoni mwa waovu wa mchezo huu hakuna anayependwa kuliko mchawi anayeinua maiti. Vitabu vya kwanza vya mwaka 1974 vilikuwa tayari na uganga wa kuipa mizoga mwendo, na mrithi wa uganga huo hupewa ngome, vazi jeusi, na jeshi la viunzi vya mifupa lisilokwisha. Je, mhusika huyu aweza kuhamishiwa Kisiwa cha Mombasa, akakaa katika vichochoro vya Kibokoni na Ndia Kuu bila kuonekana mgeni aliyeshuka melini jana?

Ugumu wa kwanza ni wa lugha, nao si mdogo. Mfasiri mwenye haraka atamwita *mfufua wafu*. Lakini kitenzi *fufua* kina mnyambuliko wa kutengua, kama ulivyo katika *zibua* na *fukua*: kufufua ni kukitengua kifo. Mwislamu wa Kuze na Mkristo wa Frere Town wote wanajua kazi hiyo ni ya nani, na siku yake ni ipi. Mtunzi anayempa mwovu wake jina hilo amempa uwezo wa Mwenyezi Mungu, kisha anawataka vijana wanne wenye mapanga wamshinde. Zaidi ya hayo, jina lenyewe ni la uongo. Mchawi wa imani za Afrika ya Mashariki hakitengui kifo. Msukule, au ndondocha, harudishiwi uhai. Harudishiwi mke, wala jina, wala kauli, kwani husemekana kwamba ulimi wake hukatwa. Anachorudishiwa ni kazi peke yake. Analima shamba la mtu usiku, na mchana anafichwa.

Kiswahili kina kitenzi kinachofaa zaidi. Watu husema fulani *anafuga majini*, na kila asikiaye huelewa kwamba fulani anawalisha, anawatuma, na anapata faida. Kufuga ni kitenzi cha zizi na banda. Mwovu wa Mombasa, basi, ni *mfuga wafu*, na jina hilo moja linabadilisha utunzi wote, kwa kuwa swali la kwanza mbele ya mfugaji si uwezo wake umetoka wapi, bali mifugo yake inamfaa nini.

Jambo hili halikujulikana Afrika ya Mashariki peke yake. Zombi wa Haiti alisadikiwa katika nchi iliyojengwa kwa jasho la watumwa wa mashamba ya miwa, na kwa mtu aliyeokolewa na mauti kutoka shambani, hofu kuu ilikuwa kurudishwa shambani. Filamu ya *White Zombie* ya mwaka 1932 bado ilikumbuka hivyo: maiti wake wanasukuma kinu cha sukari, na mwovu ni mwenye kinu. *Night of the Living Dead* ya mwaka 1968 ilimfuta mwenye kinu. Maiti wakabaki kundi lenye njaa lisilo na bwana. Mchezo wa mezani ulizaliwa miaka sita baadaye. Bwana amerejeshwa humo, lakini bila kinu. Ana watumishi elfu na hana shamba. Wanamlinda, naye hana cha kulindwa. Huu ndio upungufu wake mkubwa kifani, na ndio unaomfanya achoshe ifikapo saa ya tatu ya mchezo.

Fasihi ya pwani ina taswira ya maiti anayetisha iliyo kali kuliko jeshi lolote la mifupa. Katika kisa cha Fumo Liongo, kilichochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 na kutungiwa utenzi na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa anachomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe. Anachukua uta wake, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuuvuta, na roho inamtoka akiwa katika hali hiyo. Watu wanamwona kwa mbali. Hakuna athubutuye kuteka maji. Mji mzima unakaa na kiu kwa hofu ya mtu aliyekwisha kufa, mpaka mwili unapoanguka wenyewe. Hakuna uchawi hapo, wala hakuna aliyeinuka. Kinachotisha ni kwamba mfu ameshika kitu ambacho walio hai hawawezi kuishi bila hicho. Mtunzi wa mchezo angejifunza mengi kisimani hapo.

Riwaya za Kiswahili zimeutazama uhusiano wa hai na wafu kwa njia zinazopingana, na mivutano hiyo inafaa ijulikane kabla mtu hajaanza kubuni. Muhammed Said Abdulla, katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), anatumia mzimu kama pazia: Bwana Msa analifunua, na nyuma yake yumo mwanadamu mwenye sababu za kibinadamu. C. G. Mung'ong'o, katika *Mirathi ya Hatari* (1977), hafunui pazia. Uchawi kwake ni mali inayorithishwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, kama ng'ombe au deni. Said Ahmed Mohamed, katika *Babu Alipofufuka* (2001), anageuza meza kabisa: mfu anakuja mwenyewe, na aliye hai, mtu mkubwa aliyeneemeka na uozo wa nchi, ndiye anayehukumiwa. Kitenzi cha jina la riwaya hiyo kimetumika kwa haki. Babu *amefufuka*, hakufufuliwa na mtu. Tofauti ya kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa imebeba hapo falsafa nzima, na walimu wanaotafuta mfano wa kufundishia kauli za vitenzi wasihangaike kwenda mbali.

Kati ya njia hizo tatu, ya Mung'ong'o ndiyo inayomfaa mtunzi wa mchezo, kwa kuwa humfanya mwovu kuwa mwenye mali. Lakini kabla ya kufika kwenye mali, kuna mitego miwili ya mahali.

Mtego wa kwanza ni majengo. Mtunzi mgeni atamweka mwovu Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, kwa kuwa katika mazingiwa ya Waomani, tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, maradhi yaliwaua watu wengi ndani ya kuta zake. Akiisha kuitumia ngome, atakwenda Mbaraki, kusini-magharibi ya kisiwa, kwenye nguzo ya mawe iliyokuwa imesimama tayari mwaka 1728 kando ya msikiti ambao asili yake ni karne ya 15. Nguzo hiyo husemwa kuwa ni makao ya pepo aitwaye Zakiruhu, na watu wamepeleka hapo ubani na marashi. Kuweka mwovu hapo ni kutoelewa mahali. Aendaye na marashi huenda na haja yake: mtoto, safari, ugonjwa. Ni mahali pa kuomba, na mtunzi anayepageuza kuwa pango la kutisha ameitafsiri imani ya watu kwa macho ya mpita njia.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi, kwa sababu unavuka meza ya mchezo. Sifa ya kwamba Mombasa ni mji wa majini imetangazwa muda mrefu na watu wa bara, na mwovu mwenye kanzu, tasbihi na kitabu cha kale angeipokea sifa hiyo na kuitia muhuri. Upande wa Kilifi, jirani ya Mombasa, jambo si la sifa tu. Huko wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, mara nyingi nyuma ya tuhuma pakiwapo ugomvi wa ardhi, na mvi zimekuwa ushahidi wa kumtosha anayetafuta ushahidi. Mchezo ni mchezo, watasema watetezi wake. Hata hivyo, meza inayowazoesha vijana sita kumtambua mchawi kwa uzee wake na umaskini wake inafanya mazoezi ya jambo linalotendeka saa mbili za gari kutoka hapo. Mwovu wa Mombasa asiwe mzee, asiwe maskini, na asikae porini. Akae mjini, katika nyumba yenye mlango wa nakshi, na watu wamwamkie kwa heshima.

Historia inampa mtunzi wakati unaofaa sana. Mwaka 1907 hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya. Mwaka uliofuata, sheria ya hati za ardhi iliwataka wenye madai ya ardhi ya pwani wayasajili, na isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Kiingereza. Mwenye shamba la minazi upande wa Kisauni alijikuta, katika muda wa miezi michache, na karatasi ya shamba mkononi na shamba lisilo na mikono. Hapo mwovu anazaliwa bila kulazimishwa. Hatamani kuitawala dunia. Anatamani nazi zake ziangushwe.

Anawapataje wafu wake? Mtunzi mvivu atasema kwa uganga. Lakini pwani kuna desturi iliyo bora kuliko uganga. Katika mazishi ya Waislamu, jamaa hutangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze, kwa kuwa deni la maiti hulipwa kabla mirathi haijagawanywa. Tangazo hilo ni la huruma: linamfungua mfu. Mwovu huyu analigeuza. Huenda mazikoni kwa adabu, husimama nyuma, na jamaa wanapoduwaa mbele ya deni wasiloliweza, yeye hulinunua. Hulipa palepale, na watu humwombea dua. Usiku wa tatu mwanandani huwa mtupu. Gogol aliwahi kuliona wazo hili katika *Roho Zilizokufa* ya mwaka 1842, ambamo Chichikov anazunguka Urusi akinunua wakulima waliokufa ambao bado wanahesabiwa katika daftari za kodi. Ila Chichikov alihitaji majina yao tu. Mwovu wa Kisauni anahitaji migongo, na majina ndiyo anayoyatupa.

Dai, basi, ndilo silaha yake, na hilo linampa uzito ambao vazi jeusi haliwezi kumpa: ana hoja. Anaweza kuwaambia mashujaa mezani kwamba hakuiba chochote, na asiwe ameongopa. Alama za uovu wake nazo zitafutwe katika utamaduni wa kazi. Wavuvi na mabaharia wa pwani wana kimai, wakulima wana wawe. Kazi ya pwani haifanywi kimya. Wachezaji wanaopita Bandari ya Kale usiku na kuwaona hamali thelathini wakipandisha magunia kutoka jahazini bila mmoja wao kuimba, hawatahitaji kuambiwa kwamba kuna jambo.

Kinachobaki ni kanuni za mchezo, na hapa marekebisho hayaepukiki. Michezo mingi ya aina hii humtuza mchezaji kwa kila kiumbe anachokiua. Kanuni hiyo ikiachwa, mashujaa watawakatakata hamali wa bandarini na kuhesabu pointi, ilhali kila hamali ana mama yake Mkanyageni au dada yake Bondeni. Mwovu angecheka, na kwa haki. Tuzo itolewe kwa kila dai linalolipwa au kusamehewa, na kwa kila mfu anayerudishwa kaburini kwa jina lake. Msimulizi aweke mezani daftari yenye safu mbili: katika ya kwanza jina la mfu, katika ya pili jina la anayemdai. Majina ya kwanza yawe rahisi, ya watu wa mtaa wenye jamaa wa kuulizwa.

Kisha yaje ya walioachwa huru. Makao ya Frere Town yalianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa majahazini, wengi wao asili yao ikiwa Uyao, Umakua na Nyasa, na wengi katika pwani waliishi na kufa kwa majina waliyopewa na waliowamiliki. Daftari itasema *Farijala*. Mchezaji atasimama mbele ya mfu aliye mtini, juu ya mnazi, na kumwita Farijala, naye ataendelea kuangua nazi, kwa kuwa ndilo jina aliloitwa kila alipotumwa. Jina alilopewa na mama yake halimo kitabuni, na msimulizi asiruhusu dadu irushwe kulipata.