Adili na mjeledi wake

Wengi wetu tulikutana na Adili na Nduguze shuleni, tukajibu swali la "mafunzo", tukafunga kitabu. Yaani hadithi ya kuogofya tumeifanya orodha ya adabu njema! Hebu tuirudie tukiwa watu wazima.

Liwali wa Janibu anasifiwa kwa haki. Usiku ukiingia, anakwenda walikofungwa manyani wawili, anawachapa mjeledi, kisha analia yeye, anawabembeleza na kuwalisha. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Walimtosa baharini, jini Huria akamwokoa, akawageuza wanyama na kumwamuru Adili awaadhibu kila usiku. Akiacha, ataadhibiwa yeye.

Kwangu uzito wa kitabu uko hapo. Kwamba dhambi hulipwa, hilo hata watoto wanalijua. Shaaban Robert anatuonyesha kinachompata anayelipisha. Adili hana kosa, ila ndiye aliyeshika mjeledi, na ndiye asiye na usingizi.

Na chuki yenyewe ilitoka wapi? Baba alikufa, urithi ukagawanywa. Wale wawili wakatapanya fungu lao, Adili akawapokea na kugawana nao tena. Anayezijua familia zetu za pwani anajua yanayoanza matanga yakishaondoka. Ila mwandishi amechimba zaidi: fadhila ya Adili haikuizima husuda, iliichochea. Kila wakimtazama wanaona deni.

Majina ndiyo yanayonikera. Hasidi na Mwivu! Kwanza ni kama jina moja lililosemwa mara mbili. Pili, mtu aliyebandikwa dhambi tangu utotoni atatubu vipi? Lakini wanatubu, na majina yao ni yale yale. Kitabu kinajipinga, nami napenda kinavyojipinga.

Kisa kina asili katika Alfu Lela Ulela (watani wa Tanga msidhani kila jini ni wenu). Kule ndugu ni mbwa, na wakisharudia utu wanarudia pia uovu, wanauawa. Shaaban, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909, aliyeitumikia forodha ya mkoloni miaka mingi, aliukataa mwisho huo alipotoa kitabu chake mwaka 1952. Wapo wanaouita mwisho wake sukari tupu. Nakubaliana nao nusu: toba ile inakuja upesi mno, kama mtu anayevua kanzu. Ila kuchukua hadithi iliyokwisha kumhukumu binadamu kuwa habadiliki, halafu ukamwachia mlango, huo si woga.

Iwekeni kando ya Rosa Mistika ya Kezilahabi, 1971. Rosa, binti aliyeanza kuharibiwa na ukali wa baba yake, anajiua, na kesi yake inahamia mbele ya Mungu kwa sababu duniani hakuna aliyebaki wa kumsikiliza. Wawili waliomtupa ndugu yao majini walirudishiwa sura zao na kukaribishwa nyumbani. Rosa hakupata jini wa kumrudisha. Kipi kinamjua binadamu vizuri zaidi kati ya vitabu hivi viwili, bado sijaamua, na kila mwaka nikivisoma nahama upande.