Gundi Ilisingiziwa

Uso wa benchi langu la kwanza uliungwa Ruangwa mwezi Februari, mvua zikiwa zimeshika, kwa mbao za mkongo kutoka Nachingwea. Kufika Agosti, kiangazi kimekolea, viungo vitatu vilikuwa vimeachia kuanzia ncha, wembe unapita. Kila aliyeingia karakana alihukumu: gundi nyeupe haifai, nunua epoksi.

Kabla ya kutoa hela nilipasua kiungo kimoja kwa patasi. Kiungo kilichoshika sawasawa hung'oka na nyuzi za mbao. Hiki kilibanduka kama ganda: utando wa gundi mnene kama ukucha, unang'aa, umechapwa mawimbi ya visu vya mashine ya randa. Gundi haikuwahi kuingia kwenye mbao.

Makosa yalikuwa matatu. Mbao zilikuwa na maji, na ncha hukauka na kusinyaa kabla ya katikati. Randa ilipigwa wiki mbili mapema, kwa visu butu vilivyosugua kuliko kukata. Tatu, nyuso hazikulingana, nikategemea klempu nne zivute mwanya. Mbao ngumu hutaka mbano wa takriban kilo 12 kwa kila sentimeta ya mraba. Kiungo cha sentimeta 180 kwa 8 kinadai zaidi ya tani 17. Klempu nne zitazitoa wapi?

Wakubwa nao waliwahi kuisingizia gundi. Mwaka 1944 ndege za Mosquito za Uingereza, zilizoundwa kwa mbao, zilianguka India. Ikadaiwa gundi haihimili joto na mvua za huko. Baadaye uchunguzi ukaitaja kazi mbovu ya kiwandani.

Nikazipima gundi upya. Epoksi huziba mianya na haidai mbano mkubwa, ila ni ghali kwa uso mzima. Poliyurethani huumuka povu; povu hujaza pengo bila kuongeza nguvu. Gundi ya unga ya urea hukauka ngumu, lakini kwa joto letu huweza kuganda koponi ungali unapaka. Nyeupe hulegea polepole ikibeba mvuto wa kudumu, jambo baya kwa mbao iliyopindwa, si kwa benchi lililotulia chini ya paa.

Nikabaki na nyeupe, nikabadili kazi. Kipande kimoja nilikipima kila Jumapili kwa mizani ya duka hadi uzito ukaacha kushuka. Visu vilinolewa, randa ikapigwa alfajiri, na gundi ikapakwa asubuhi hiyohiyo kabla jua halijaikausha juu ya mbao. Niliunga mbao tatu tatu, zikilazwa zimebanwa hadi kesho yake: klempu kila sentimeta 20, na palipopungua, kabari za mkongo ndani ya fremu.

Masika yamepita, na Agosti nyingine. Nimejaribu wembe kwenye kila mstari, hauingii. Gundi ni ileile, ya duka lilelile.